Re: Picha ya babu imeandikwa "RAF Eastleigh 1954", ni wapi?

Salama mkuu. Unasema kila ukitafuta kiwanja hicho cha ndege cha RAF (Jeshi la Anga la Uingereza) unapelekwa Uingereza, na babu yako hakuwahi kutoka Kenya.

Anzia hapo: Eastleigh ziko mbili. Ile ya jirani na Southampton, ambako ndege ya kivita ya Spitfire iliruka mara ya kwanza 1936, achana nayo. Ya babu ni ya Nairobi. Miaka hiyo ndege za Lincoln ziliondokea hapo kwenda kumwaga mabomu misituni, vita vya Mau Mau. Abiria wa kawaida nao walipandia papo hapo hadi uwanja wa ndege wa Embakasi ulipofunguliwa 1958, kwa hiyo ukiona ndege ya abiria nyuma yake usishangae.

Jina ndilo linalopoteza watu. Mwaka 1964 kiwanja kilichukuliwa na Jeshi la Anga la Kenya, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kikaja kuitwa Moi Air Base. (Bado ni kambi, usiende kupiga picha getini!)

Ukitaka kuchimba zaidi, mimi huanzia Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew (London): daftari za shughuli za vituo vya RAF ziko fungu AIR 28, za skwadroni AIR 27. Tafuta kwa mwaka na jina la kituo. Majina ya askari wa kawaida humo ni nadra.