Dalali akisema kuna mteja mwingine njiani

Madalali wa nyumba wana sentensi moja ambayo karibu kila mnunuzi Dar es Salaam ameisikia: "Kuna mama anakuja na hela mkononi, saa nane atakuwa hapa." Huenda ni kweli. Lakini ukishaingiwa na hofu ya kuikosa nyumba, maswali yote uliyotoka nayo nyumbani yanayeyuka.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu Chanika kuangalia nyumba ya vyumba viwili, haijapigwa plasta, na mwembe mkubwa uani. Dada aliipenda palepale. Alishaanza kuonyesha jiko la nje litakaa wapi. Karatasi zilionekana safi, bei ilikuwa ya kawaida, na kwa hesabu hatukuwa na sababu ya kusita. Ila moyo wangu ulikuwa mzito. Nilijiuliza: hasa ni nini kinachonisumbua? Nikagundua ni mke wa mwenye nyumba aliyekuwa akituuzia. Alitukaribisha vizuri, akatuletea maji, lakini kila bei ilipotajwa aliinuka akaingia ndani.

Nikamwambia dada amfuate, wazungumze wawili. Mama yule akamwambia hakuwa na habari ya mauzo mpaka alipotuona mlangoni. Hapo wasiwasi ukawa suala la kisheria, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tukaaga, tukaondoka.

Watu hupenda kushauriana "weka hisia pembeni." Mimi sikubaliani. Daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio alimchunguza mgonjwa aliyempa jina la Elliot, aliyekuwa ameondolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya akili alivifaulu vizuri, lakini hisia zake zilikuwa zimefifia, na maamuzi yakamshinda, hata madogo kama kupanga miadi. Akili iliyobaki peke yake inapima na kupima bila kufika.

Kwa hiyo hisia ikija, ipe kazi. Itafutie chanzo: ni kitu gani nimekiona au kukisikia? Chanzo kikipatikana, kigeuze kiwe swali ambalo mtu fulani anaweza kulijibu, awe jirani, mjumbe wa serikali ya mtaa au ofisi ya ardhi. Na usiulize kuhusu hofu tu. Furaha ya dada kuhusu ule mwembe ilitueleza jambo ambalo hakuwa ameliandika kwenye orodha yake, kwamba anataka uani pa kukaa na watoto jioni kuliko anavyotaka chumba cha tatu. Tangu siku hiyo hata maelezo anayowapa madalali yamebadilika.

Hofu ya kupitwa ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haina muda wa kuulizwa. Dawa yangu ni kwamba siku ya kwenda kuona, hatubebi hata hela ya kishika uchumba. Dalali akihimiza, namjibu, "Huyo mama wa saa nane akiiwahi, ni riziki yake. Sisi tutakupigia kesho."