Kabla ya kuandika "chama kimemlinda": namna ya kusoma adhabu ya mwanasiasa

Ukiwa mgeni katika kufuatilia kesi za wanasiasa, swali la kwanza utakaloulizwa na mhariri ni "amepewa miaka mingapi?" Jibu la swali hilo peke yake halionyeshi upendeleo wowote. Kwa kila aliyetiwa hatiani andika namba tano: ukomo wa sheria kwa kosa lake, alichoomba mwendesha mashtaka, walichoomba mawakili wa utetezi, alichoamua hakimu au jaji, na muda ambao mfungwa amekaa ndani kweli. Upendeleo wa kichama hujificha kwenye pengo kati ya namba hizo, na kila pengo lina mhusika wake. Ukimtaja mhusika asiyestahili, umemwonea mtu na umemwachia mwingine apite.

Chukua kesi ya Lewis Libby, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani. Machi 2007 alitiwa hatiani kwa makosa manne kati ya matano, yakiwemo kusema uongo na kuzuia haki. Mwendesha mashtaka aliomba miezi 30 hadi 37, mawakili wakaomba asiende jela kabisa. Juni 5 Jaji Reggie Walton akampa miezi 30, faini ya dola 250,000 na miaka 2 ya uangalizi. Walton aliteuliwa na George W. Bush, rais ambaye Libby alikuwa akiitumikia serikali yake, na bado hakwenda chini ya kile alichoombwa. Julai 2 Bush akakifuta kifungo chote na kuiacha faini. Namba ya nne ni 30, ya tano ni sifuri. Anayeandika kwamba mahakama ilimhurumia Libby amekosea mlango: huruma ilitoka Ikulu.

Mlango wa mwendesha mashtaka ni mgumu zaidi kuuona, na hapo ndipo wageni wengi hupitwa. Mahakama za shirikisho za Marekani hutumia jedwali lenye ngazi 43 za uzito wa kosa na safu 6 za historia ya jinai. Tangu 2005 jedwali hilo ni mwongozo tu, halimfungi jaji, lakini kila hesabu huanzia hapo. Roger Stone, mshirika wa Donald Trump, alitiwa hatiani Novemba 2019 kwa makosa 7. Februari 10, 2020 waendesha mashtaka waliomba miezi 87 hadi 108, yaani ngazi ya 29. Ndani ya hesabu hiyo zilikuwemo ngazi 8 za nyongeza kwa kumtishia shahidi. Trump akalalamika hadharani, na kesho yake Wizara ya Sheria ikawasilisha waraka mpya uliosema ombi la kwanza limepita kiasi. Bila ngazi hizo 8, jedwali linashuka hadi miezi 37 mpaka 46. Waendesha mashtaka wote wanne walijitoa kwenye kesi siku hiyo hiyo. Jaji Amy Berman Jackson, aliyeteuliwa na Barack Obama, alitoa miezi 40. Julai Trump akaifuta siku chache kabla Stone hajaripoti gerezani.

Tazama ilivyofanyika: hakuna sheria iliyobadilishwa, hakuna ushahidi uliopotea, vipengele vya nyongeza tu ndivyo vilivyotiliwa shaka. Kwa hiyo usiridhike na jumla ya miaka iliyoombwa. Uliza imejengwaje, na kipi kimeongezwa au kuondolewa, lini, na kwa agizo la nani. Na usihesabu upendeleo kwa kuangalia tu rais aliyemteua jaji. Ukifanya hivyo, Walton na Jackson wote wawili watakupotosha.

Kisha kuna barua za kumwombea mshtakiwa nafuu. Robert McDonnell, gavana wa zamani wa Virginia kupitia Republican, alitiwa hatiani Septemba 2014 kwa makosa 11 ya rushwa. Hesabu ya maafisa wa uangalizi, wanaomwandalia jaji ripoti ya adhabu, ilifika miaka 10 na zaidi, jaji akaishusha hadi miezi 78 mpaka 97, kisha Januari 2015 akatoa miaka 2. Mezani kwake kulikuwa na barua zaidi ya 400. Mmoja wa waliosimama mahakamani kumtetea ni Douglas Wilder, gavana wa zamani wa chama cha Democratic. Hapo chama hakielezi kitu. Ni wakubwa kubebana, na ukiiita hiyo ushabiki wa kichama umekosa habari yenyewe. (Mahakama ya Juu ilibatilisha hatia hiyo kwa kauli moja Juni 2016. Jambo hilo lazima liingie kwenye rekodi yako.) Barua zikiwa wazi, zisome zote: mwandishi ana cheo gani, anamjua mshtakiwa kwa njia ipi, na je, anagusa kosa lenyewe au anasifu tabia tu?

Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya utetezi huo husemwa kwa mdomo, baada ya hatia kusomwa, wakati waandishi wengi wameshakimbilia nje kutuma habari. Baki ndani. Andika kila sababu: mkosaji wa mara ya kwanza, umri, maradhi, familia inayomtegemea, ameitumikia nchi kwa miaka mingi. Kisha sikiliza hakimu anarudia ipi. Umri na maradhi ni vya kila mtu. Hiyo ya utumishi ndiyo ya kukazia macho, maana cheo hicho hicho ndicho kilichomwezesha kutenda kosa. Kumpunguzia kwa ajili yake ni kumlipa mara mbili.

Tanzania ina mfano wa wazi. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, kwa matumizi mabaya ya madaraka yaliyoisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, ikawapa miaka 3 jela. Mahakama Kuu ikapunguza hadi miaka 2. Februari 2016 wakatolewa gerezani kufanya usafi Hospitali ya Sinza Palestina chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. "Waachiwa huru" si kichwa cha habari sahihi, kwa sababu hatia ilibaki na adhabu iliendelea kwa sura nyingine. Sheria hiyo inawahusu pia wafungwa wa kawaida wenye vifungo vifupi. Swali la kufuatilia ni wangapi wa gereza lile lile, wenye kifungo kama hicho, waliomba na wakakubaliwa.

Msamaha wa rais nao usiupe jina moja. Kupunguza adhabu huacha hatia, msamaha kamili huja baadaye au hauji. Rod Blagojevich, gavana wa zamani wa Illinois kupitia Democratic, alipewa miaka 14 mwaka 2011. Trump alikifuta kifungo kilichobaki Februari 2020 na kumsamehe kabisa Februari 2025, ingawa wabunge wa Republican wa Illinois walipinga atolewe. Utii uliolipwa pale ni kwa mtu, si kwa chama. George Santos, aliyekuwa mbunge wa Republican, alitolewa Oktoba 2025 baada ya miezi isiyofika mitatu ya kifungo cha miezi 87, na Trump mwenyewe aliandika kwamba Santos siku zote aliipigia kura Republican. Sababu ikitamkwa hivyo, inukuu.

Angalia pia vifungo vinavyokwenda pamoja: makosa matatu ya miaka 3 kila moja ni miaka 3, si 9. Na miaka ya "faini au jela" usiiandike kama kifungo. Mwaka 2020 mbunge mmoja wa Kenya alitangazwa kila mahali kuwa amefungwa miaka 67, wakati miaka hiyo ilikuwa mbadala wa faini.

Kosa kubwa kuliko yote ni la sampuli. Jedwali lako lina waliohukumiwa tu. Aliyelindwa vizuri na chama hafiki huko: Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi kabla ya hukumu. Kenya, Ibara ya 157(8) ya Katiba inamtaka apate ruhusa ya mahakama kwanza. Fungua jedwali la pili la kesi zilizoondolewa, lenye tarehe ya kuondolewa, sababu iliyotolewa, na chama alichokuwamo mshtakiwa siku aliposhtakiwa na siku kesi ilipokufa.