Ngozi mpya haiingii kwenye dramu ya zamani

SWALI: Kanisani kwetu tuna dramu za Premier za miaka ya 1960. Ngozi mpya ya inchi 12 inakwama kwenye tomu (moja ya ngoma za seti ya dramu). Tupige msasa ubao wa mwili wake? – Msomaji, Jinja

JIBU: Msasa hapana, tafadhali! Premier, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922, ilitengeneza tomu nyingi za enzi hizo zikiwa pana kidogo kuliko vipimo vya Marekani, ambavyo ndivyo ngozi za leo hufuata. Ndiyo maana pete ya ngozi inabana. Mkiilazimisha kwa skrubu itakaa upande na sauti haitatulia. Mkisaga, mtaharibu ukingo unaobeba ngozi. Agizeni ngozi za kampuni ya Remo, aina ya Classic Fit, yenye pete nyembamba. Kwanza pimeni kipenyo cha nje kwa milimita, sehemu tatu, maana ubao mkongwe huweza kupoteza mviringo.