Kireno: usiulize kitenzi, uliza sentensi

Wewe unayeanza Kireno utapewa orodha mbili, vitenzi elekezi (vinavyochukua yambwa, yaani anayetendwa au kinachotendwa) huku na visivyo elekezi kule, uambiwe ukariri. Mimi nilikariri miezi mitatu na bado nilikosea kila nilipofungua mdomo. Orodha zenyewe hazikuwa na kosa. Nilikuwa nasoma Kireno kwa masikio ya Kiswahili.

Kwetu kitenzi chenyewe hutangaza hali yake: maji yamechemka, nimechemsha maji; mtoto ameamka, nimemwamsha mtoto. Kireno mara nyingi hutumia neno lilelile. *A água ferveu. Fervi a água. O menino acordou. Acordei o menino.* Kwa hiyo mtu akikuuliza kama *ferver* ni elekezi, mwambie akuonyeshe sentensi kwanza.

Utafundishwa pia kuuliza "nini?" au "nani?" baada ya kitenzi ili ujue kama ni elekezi. Swali hilo husaidia, ila mara nyingi sisi hatuweki kihusishi, neno dogo kama *de* au *a*, pale Kireno kinapokidai. Napenda samaki: *gosto de peixe*. Nahitaji pesa: *preciso de dinheiro*. Namtii baba: *obedeço ao pai*. Vitenzi hivi sarufi yao huviita *transitivos indiretos*, elekezi kupitia kihusishi, na kihusishi hicho hakiachwi nyuma hata sentensi ikigeuzwa: kitabu ninachokipenda ni *o livro de que gosto*. Ndiyo maana daftarini usiandike *gostar* peke yake. Andika *gostar de*, *precisar de*, *obedecer a*. Wakati mwingine kihusishi hubadili maana yote: *aspirar o ar* ni kuvuta hewa, *aspirar a um cargo* ni kutamani cheo.

Sasa lililonitesa kuliko yote. Nilimwona, nilimpa: -m- ni ileile. Kireno hutenganisha. Nilimwona ni *vi-o*, kwa kuwa anayeonwa ni yambwa tendwa. Nilimpa ni *dei-lhe*, kwa kuwa anayepewa ni yambwa tendewa. Ukienda Msumbiji, ambako wengi wamekulia katika lugha za Kibantu, utasikia *vi-lhe ontem*, nilimwona jana, na hata *fui dado um livro*, nilipewa kitabu. Utaielewa papo hapo, maana ndivyo tunavyosema sisi, na mimi siwezi kuidharau. Ila kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi itahesabiwa kosa. Kireno sanifu hakimruhusu mpewa awe kiima cha sentensi ya kutendwa. Andika *deram-me um livro*, walinipa kitabu.

Ukibaki na shaka, geuza sentensi iwe ya kutendwa. *O gato comeu o peixe*, paka alimla samaki, inatoa *o peixe foi comido pelo gato*, samaki aliliwa na paka, basi *comer* hapo ni elekezi moja kwa moja. *Gosto de peixe* haigeuki. Kipimo hiki kina mwanya: *ter*, kuwa na kitu, ni elekezi lakini *tenho um livro*, nina kitabu, nayo haigeuki.

Na mahali pasikuchanganye. Nilifika Pemba, ile ya Cabo Delgado huko Msumbiji, ni *cheguei a Pemba*. Kihusishi *a* kipo kama kwenye *obedeço ao pai*, lakini *chegar* si elekezi. Weka kiwakilishi uone: *obedeço-lhe* inakubali, ila kwa Pemba utasema *cheguei lá*, huko, kamwe si *cheguei-lhe*.