Kwa anayeanza gereji: chujio la hewa la bakuli la oili lirudi mahali pake

Fungua boneti ya lori la zamani katika gereji yoyote kati ya Mtwara na Masasi, na mara nyingi utakuta chujio la hewa lililotoka nalo kiwandani halipo. Mahali pake limewekwa kopo la chujio la karatasi kutoka gari jingine, limefungwa kwa waya na mpira wa tyubu. Wakati mwingine mdomo wa manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, umevalishwa kitambaa tu, basi. Lile la awali, bakuli la bati lenye oili chini, limetupwa nyuma ya gereji limejaa maji ya mvua, au limeshapimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mdogo wangu unayeanza kazi hii, nakuomba ulitafute, ulisafishe na ulirudishe.

Kwanza elewa linavyofanya kazi, maana fundi asiyelielewa ndiye anayelitupa. Bedford za zamani, Land Rover 109 za dizeli na trekta nyingi za Massey Ferguson 135 zinalo. Hewa inaingia, inashuka kwa kasi mpaka karibu na uso wa oili, halafu inalazimika kugeuka ghafla na kupanda. Vumbi ni zito kuliko hewa, kona ile linashindwa kuikata, linaipiga oili na kunaswa. Hewa inayopanda inabeba matone madogo ya oili hadi kwenye wavu wa waya uliosokotwa, na baadhi ya machujio yana nyuzi za nazi badala ya waya. Hapo matone yananaswa pamoja na vumbi lililobaki, kisha yanachuruzika kurudi kwenye bakuli.

Niseme ukweli: karatasi mpya, halisi, iliyokaa sawasawa kwenye kopo lake, inachuja vizuri zaidi, hasa injini inapozunguka taratibu na hewa ikawa haina kasi. Shida ni maisha ya magari yetu. Msimu wa korosho ukifika Oktoba, malori yanafuatana kutoka vijiji vya Tandahimba na Newala kwenye njia za mchanga mwekundu, na la nyuma linavuta vumbi la la mbele. Karatasi inaziba mapema. Dereva anaipiga kwenye tairi, anaipuliza kwa kompresa, anairudisha. Kesho tena. Ukiichukua karatasi ya namna hiyo ukaingiza balbu katikati yake, utaona vitundu vinavyopitisha mwanga. Mwanga unapopita, mchanga nao unapita. Oili ya kwenye bakuli inabadilishwa popote palipo na galoni ya oili na ndoo, hata Mahuta au Nanyamba, bila kusubiri spea ya mjini.

Mchanga ukishaingia kwenye silinda unachanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa. Ringi za pistoni zinalika, slivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda, inalika hasa sehemu ya juu, na kompresheni, nguvu ya kubana hewa, inashuka. Asubuhi gari linagoma kuwaka, moshi unageuka wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili injini inakupumulia usoni. Inaniuma ninapoona mwenye lori amelipia ringi na slivu mpya, injini imefungwa vizuri kabisa, kisha ikapachikwa kopo lile lile lenye waya. Pesa ile imeshaanza kusagika siku anayotoka gereji.

Sasa kazi yenyewe. Legeza klipu, shusha bakuli, mwaga oili, kwangua tope la chini kwa kijiti. Osha kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli usiiguse: mvuke wake unashika moto haraka, na ukibaki kwenye wavu injini ya dizeli itauvuta na kuuchoma kama mafuta ya ziada. Wavu ndio unaohitaji subira. Uzamishe, utikise, ugeuze, uache udondoke, kisha uuelekeze juani. Pembeni utaona mwanga mapema, lakini katikati kutabaki doa jeusi, na doa hilo ndilo ulilofuata. Rudia kwa mafuta mapya mpaka yanayodondoka yawe safi, halafu utundike mpaka asubuhi. Usiurudishe ukiwa unachuruzika.

Huku pwani chumvi inakula bati. Kagua mshono wa chini wa bakuli, na bomba la katikati usilisahau. Ukikuta tundu, safisha oili yote kwanza, ndipo uchomelee kwa gesi na shaba. Puti usiitumie, wala usipige rangi ndani, kwa sababu kinachobanduka mle njia yake ni moja tu, kwenye injini. Nje paka rangi upendavyo. Gasketi ya bakuli ikiwa imekakamaa, kata mpya.

Halafu njoo kwenye hozi inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye manifoldi. Hapa ndipo ninapotaka utulie. Chujio linaweza kuwa safi kabisa, lakini ufa mmoja kwenye hozi ukalifanya pambo. Ivue, ingiza kidole kilichozungushiwa kitambaa cheupe, futa ndani. Weusi wa oili kidogo si neno. Ukitoka na wekundu wenye chengachenga, vumbi linapita. Tafuta hozi ngumu ya kipimo chake. Laini itafyonzwa na kujikunja injini ikivuta kwa nguvu. Klipu ziwe za skrubu, waya hapana.

Oili iwe safi, uzito ule ule wa oili ya injini, na ifike kwenye mstari uliochongwa kwenye bakuli, lori likiwa mahali tambarare. Ikipungua, vumbi linapita. Ikizidi, inavutwa ndani, na injini ya dizeli inaweza kuichoma na kujiongeza kasi yenyewe, ukikata mafuta isizimike. Nimeona mafundi wakijaza mpaka pomoni wakidhani wanasaidia.

Ukimaliza, jaribu. Washa, iache izunguke taratibu, ziba mdomo wa chujio kwa kipande kipana cha ubao. Mkono usiweke, kitambaa kitavutwa. Injini izimike. Ikiendelea kuunguruma, inapata hewa mahali pengine, rudi kwenye hozi na gasketi.

Kabla lori halijaondoka, mwite utingo umwonyeshe bakuli linavyoshushwa. Msimu wa vumbi alitazame kila siku, na oili imwagwe ikishakuwa nzito au tope la chini likikaribia sentimita 1. Masika yakianza anaweza kulegeza kidogo.

Na kama bakuli la awali limeshauzwa, ulizia kwenye trekta mbovu, lakini linganisha ukubwa wa injini kabla hujatoa pesa. Chujio la injini ndogo kwenye injini kubwa, hewa itapita kwa kasi iliyozidi na kuondoka na oili yote.