Kuuza Soda Kusini: Jibu kwa Kijana wa Masasi

"Shikamoo dada. Nipo Masasi, nimemaliza diploma ya biashara. Nataka kuwa meneja mauzo wa vinywaji kama wewe. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Tangu nilipotangaza kwamba nimepewa kanda nzima ya kusini, maswali kama lako yamekuwa mengi, basi najibu hapa wote msome.

Anzia kwenye matupu, yaani chupa tupu zinazorudishwa. Mimi nilianzia huko, juu ya gari la mzigo. Kreti ya soda ina chupa 24, na ukirudi dipo na chupa ya kampuni nyingine, au iliyomeguka mdomo, unakatwa wewe. Nilizoea kupitisha kidole gumba kwenye midomo ya chupa huku namjulia hali mzee wa duka, habari za wajukuu, habari za shamba, asije akajiona anashukiwa. Hapo ndipo nilipowajua wateja.

Pili, ijue korosho. Minada ikishaanza Oktoba na wakulima wakaanza kulipwa, duka la Tandahimba lililokuwa likichukua kreti mbili linataka uliachie nusu ya gari. Mabibo, matunda ya mkorosho, nayo yanakuwa yameiva, uraka, pombe yake, upo kila kijiji kwa bei rahisi, kwa hiyo wenzangu wa bia wajipange. Hela ikikata, punguza mzigo.

Mwishoni mwa 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Maduka yalijaa soda zisizotoka. Wakubwa wangu wa wakati ule walitaka niendelee kushusha mzigo kwa mkopo. Nikakataa, maana nilijua wenye maduka hawatakuwa na cha kulipa. Lengo la mauzo halikufikiwa, na nafasi ya usimamizi ilipotoka akapewa mtu kutoka Dar, hata Newala hajawahi kufika. Nikaambiwa nimwoneshe njia. Nikamzungusha duka kwa duka, nikamtambulisha kwa wateja niliowatafuta mwenyewe. Liliniuma, na bado linaniuma.

Nilipohamia kampuni nyingine, wenye maduka wa Newala walinipigia simu wenyewe kuuliza gari langu linapanda lini. Barua ya cheo nilichonacho leo imetoka kwao.

Basi vijana, acheni kumjazia mtu stoo tarehe 30 ili lengo litimie, halafu tarehe 2 simu hampokei. Mama wa duka msalimie hata siku ambayo hana oda. Ukifika, fungua friji kwanza: chupa zinazokaribia tarehe ya mwisho wa matumizi zivute mbele, na ukikuta pweza kwenye friji la kampuni, ongea na mwenye duka pembeni, si mbele ya wateja wake. Msidanganye kwenye oda. Narudia, msidanganye, kwa sababu Mtwara na Lindi wenye maduka wanajuana, na neno lako la leo Masasi kesho lipo Nachingwea.

Diploma yako ni nzuri, itunze. Ila tafuta na leseni ya udereva, na barua ya maombi usiilete Novemba tukiwa barabarani. Mimi watu wa msimu nawachukua Agosti.