Uvimbe Mgumu Ndani ya Uume: Je, Ni Saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 54, ninaishi Ngamiani, Tanga, na nina kisukari. Kwa miezi minne sasa ninapapasa kitu kigumu ndani ya uume, upande wa juu, ukubwa wa punje ya mahindi. Uume ukisimama unapinda kwenda juu na kuuma. Jirani amenipa mafuta ya kuchua, mwingine ananiambia ni saratani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Maelezo yako yanalingana na ugonjwa wa Peyronie, unaoitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1743. Ni kovu linalojitokeza katika utando unaozunguka sehemu zinazojaa damu uume unaposimama, na kwa kuwa penye kovu hapanyumbuki, uume huvutwa upande huohuo. Si saratani, wala humwambukizi mkeo. Kisukari huongeza uwezekano wa kuupata.

Hayo mafuta yaache, kwani kuchua kwa nguvu au kuunyoosha kwa mkono kunaweza kuzidisha jeraha.

Anzia Hospitali ya Bombo, ukiwa na kadi yako ya kliniki ya kisukari. Daktari atapapasa uume ukiwa umelegea, lakini mpindo hauonekani hali hiyo. Kwa hiyo jipige picha nyumbani uume ukiwa umesimama, moja kutoka juu na nyingine ubavuni, umwonyeshe. Ni jambo la kawaida katika uchunguzi huu, usione haya. Ultrasaundi huonyesha kama kovu limeingia chokaa na damu inapitaje. Ukiona kidonda, damu au uvimbe unaokua juu ya ngozi, hilo ni jingine, nenda upesi.

Katika miezi hii ya mwanzo hutibiwa maumivu, ambayo mara nyingi hupungua yenyewe. Upasuaji husubiri hadi mpindo utulie, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, na mpindo usiozuia tendo la ndoa hauhitaji kisu. Zipo pia sindano za kulainisha kovu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ila vidonge vya vitamini E havijathibitika kunyoosha mpindo. Mkifikia upasuaji, muulize daktari mapema kuhusu urefu, kwa sababu kushona upande ulio mkabala na kovu hunyoosha uume lakini huufupisha kidogo.